Mwaka Ilipoibwa Mishubiri ya Bibi

Harufu ya jani la mshubiri lililovunjika haifanani na nyingine yoyote. Ina ukali wa kitunguu kibichi, ina ubichi wa nyasi zilizofyekwa asubuhi, na nyuma yake kabisa kuna kitu ambacho pua haikipati ila ulimi unakitambua, nacho ni uchungu. Juzi, hapa Likombe ninapoishi na mjukuu wangu, kuku wa jirani aliruka kizingitini akaangusha kopo la rangi ambamo mjukuu huyo amepanda mshubiri wake. Nikainama kuuokota. Jani moja lilikuwa limekatika, na maji yake ya manjano yakanichirizikia kiganjani. Kabla sijanyoosha mgongo nilikuwa nimekwisha kurudi kuwa mtoto wa miaka tisa.

Nilianza kwa kumgombeza mjukuu, kwa kuwa kopo lile lilijaa maji kana kwamba alikusudia kufugia kambale. Kisha nikamwambia achukue kalamu. Mimi sikusoma, kwani wenzangu walipokwenda shule, mgongoni mwangu palikuwa na mtoto. Lakini sikusahau. Ninyi mtakaosomewa haya nawahesabu kuwa ni watu wa nyumbani mlioketi nami jamvini, basi msiniharakishe.

Kijiji chetu kilikuwa mbele ya Mpapura, kwenye njia ya kuteremkia bonde la Ruvuma. Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya uhuru, kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa, na kila mmoja alikaa kando ya mikorosho yake. Nyumbani tulikuwa watu watano: Bibi mzaa baba, baba yangu, mama yangu, mimi Somoe, na mdogo wangu Bakari, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka mmoja na nusu. Baina yangu na Bakari alizaliwa mwingine, Zuhura. Huyo nitamfikia.

Maji tuliyateka kisima cha bondeni. Ukitoka na umande, ulirudi umande umekwisha kukauka na shingo imeingia mabegani. Kwa hiyo pale kwetu hapakuwa na mtu aliyepanda maua, kwani nani mwenye akili timamu angelinywesha ua maji ambayo mtoto angeyanywa? Bibi peke yake ndiye aliyekuwa na bustani, nayo ilikuwa bustani ya mimea isiyoomba. Upande wa mawio ya jua alikuwa ameinua tuta la mchanga, akauchanganya na majivu ya jikoni na vigae vya vyungu vilivyovunjika, akapanda mishubiri kumi na mmoja kwa mstari ulionyooka kuliko safu ya watu katika sala. Nyuma yake ilisimama mikonge ya mwitu yenye majani kama mapanga, na nyuma ya hiyo tena, ua wa minyaa, mti ule usio na majani, ambao maziwa yake yakikuingia jichoni utaomba ardhi ipasuke. Mbuzi wa kwetu, waliokuwa tayari kula hata mkeka wa mtu aliyelala, walipita mbali na bustani hiyo kwa heshima.

Siku nilizoruhusiwa kumsaidia Bibi zilinifunza kazi ambayo ni kinyume cha kazi. Mtoto wa mshubiri, maana ndivyo alivyoliita chipukizi linalotokea ubavuni mwa mmea mkubwa, hakutengwa na mama yake mpaka Bibi afukue pembeni kwa kidole na kuona kuwa ana mizizi yake mwenyewe. Akiisha kutengwa, hakupandwa siku hiyo. Alilazwa kivulini juu ya kigae siku tano au sita, mpaka jeraha lifunge ngozi. Ndipo alipopandwa katika mchanga mkavu, na asionjeshwe tone la maji mpaka uandame mwezi mwingine.

“Huu haulelewi kwa kubembelezwa,” Bibi alikuwa akisema. “Ukiubembeleza, unaoza.”

Mimi, niliyeshinda nikibembeleza mtoto mchana kutwa, niliona kwamba mmea huo ulikuwa na tabia ya Bibi mwenyewe. Sikulisema hilo. Kwa Bibi ulisema ulichoulizwa.

Watu walikuja kuomba. Aliyeungua kwa mafuta alikatiwa jani. Aliyeona kuku wake wanasinzia kwa kideri alipewa jani la kulowekea maji yao. Aliyekuja mara nyingi kuliko wote alikuwa Anjelina, mwanamke wa makamo aliyevuka Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji, akapewa shamba mpakani na letu. Shingoni alikuwa na rozari, na kuku wake walikuwa wagonjwa daima. Yeye na Bibi walipendana kwa njia ya matusi.

“Kuku wako hawana kideri, wana njaa,” Bibi alimwambia.

“Wana njaa kwa sababu wanakutazama wewe unavyokula, dada.”

Na kina mama waliotaka kumwachisha mtoto ziwa nao walikuja. Mama wa mtoto alipakwa shubiri kwenye chuchu. Mtoto alishika ziwa kwa furaha, akaliachia kwa kilio. Baada ya siku mbili tatu alikuwa amekwisha kukata tamaa ya ziwa. Ilikuwa dawa ya mama zetu na mama zao, na hakuna aliyeiona kuwa ni jambo la kujadiliwa.

Hakuna, isipokuwa mimi. Nilipokuwa na umri wa kama miaka sita nilisimama mlangoni nikaona Bibi anakata jani, Mama anajipaka, na Zuhura analia mpaka sauti inampotea. Haukupita muda mrefu, miguu ya Zuhura ikavimba, tumbo likavimba, nywele zake zikawa nyekundu kama ndevu za hindi bichi. Alikaa pale alipowekwa, hakucheza, hakufukuza nzi. Kisha tukamzika. Mtoto haulizi watu wazima sababu ya kifo. Huokota mambo mawili aliyoyaona na kuyafunga kwa kamba moja. Nilikuwa nimeona jani likikatwa na nilikuwa nimeona kaburi likifukiwa. Kwangu ikawa wazi kwamba mshubiri ndio uliomuua ndugu yangu, na kwamba watu wazima, kwa sababu zao, walikuwa wamekubaliana kunyamaza.

Basi ikawa mwaka huo, mvua zimekwisha kushika na ghala limekwisha kupungua. Ndiyo miezi yetu ya njaa: mihogo iliyobaki ni ya kuhesabu, kunde zinatoa maua, karanga bado ni majani matupu, na watu wanaingia porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwitu. Mama akaanza kutema mate na kulala mchana. Bibi alimtazama mara moja tu, akajua. Baba alichukua siku nyingi zaidi, lakini naye alipojua, alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza sheria:

“Bakari aachishwe. Hatuwezi kumbemenda mtoto.”

Nanyi mnajua maana yake. Watu waliamini kuwa maziwa ya mwenye mimba yanamharibu mtoto anyonyaye, na familia inayoruhusu hayo ilichekwa na kijiji kizima. Mama alikuwa amempakata Bakari. Nilimwona akimvuta mtoto karibu zaidi.

“Bado mdogo,” alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

“Mchelea mwana kulia, hulia yeye,” Baba akamjibu. Alikuwa mtu mwema, baba yangu, lakini alikuwa na methali kwa kila jambo, na akishaitoa aliona jambo limekwisha. Akamgeukia Bibi. “Ijumaa. Mama, utawakatia shubiri.”

Bibi aliendelea kupepeta makopa, ile mihogo mikavu. “Nimesikia,” akasema.

Kesho yake nilimfuata bustanini. Alikuwa amechuchumaa, amefukua pembeni mwa mtoto mmoja wa mshubiri, anatazama. Akamfukia tena.

“Mbona humng'oi, Bibi?”

“Hana mizizi.”

Nikakusanya ujasiri wote niliokuwa nao. “Na Bakari anayo?”

Bibi hakunigeukia. Aliupigapiga mchanga kwa kiganja, muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Kisha akasema, “Nenda ukamtazame mume wangu, asije akala mchanga.” Bibi alimwita Bakari mume wake, na mimi aliniita mke mwenza, kama ilivyo desturi ya bibi na wajukuu, lakini siku hiyo hapakuwa na mzaha katika sauti yake.

Jumatano Bibi alikwenda mazikoni kijiji cha pili. Baba alikuwa shambani, Mama amelala na Bakari. Nikachukua ungo, nikaingia bustanini, nikaing'oa mishubiri yote kumi na mmoja, mikubwa kwa midogo. Miiba ya pembeni ilinikwaruza, majani yalivunjika, maji ya manjano yakanimwagikia mpaka viwikoni. Nikaibeba safari tatu mpaka kwenye mkorosho mkubwa ulio mpakani, ambapo majani makavu yalikuwa mazito kama godoro, nikaitupa hovyo na kuifunika. Nilidhani itaoza. Kila kitu nilichokijua kiling'olewa kikaoza. Nikasawazisha tuta kwa mikono, nikanawa kwa maji kidogo sana, kwa kuwa maji yalikuwa ya kunywa, nikarudi kuketi kizingitini kama mtoto mtulivu.

Sikujua kuwa shubiri haitoki kwa kunawa kidogo. Jioni tuliketi kula, ugali wa muhogo na mchicha. Nikamega tonge, nikatia kinywani, na machozi yakanitoka. Vidole vyangu vilikuwa vichungu kuliko nyongo. Nikameza. Nikamega jingine, chungu vilevile.

Bibi alikuwa akinitazama kwa ng'ambo ya sinia.

“Ugali umekuwaje leo, mke mwenza?”

“Mtamu, Bibi.”

“Kula basi, uongeze.”

Nikala. Aliniwekea mbele yangu sehemu iliyokuwa yake, akahakikisha nimeimaliza. Sijapata tena kula chakula kigumu kama kile, na nimekula vingi tangu hapo. Kisha akaenda kulala, nami nikamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyetambua.

Asubuhi ndipo alipopiga yowe. Majirani wakaja mbio, wakidhani kuna maiti. Bibi alisimama katikati ya tuta lililo tupu, amejifunga kanga kiunoni.

“Wameniibia! Dawa ya kijiji kizima wameniibia!”

Baba alikuna kichwa. “Labda mbuzi, Mama.”

“Mbuzi gani anayekula shubiri?” akauliza Anjelina, aliyekuwa amefika na jembe lake begani. “Labda mbuzi wa kwenu, maana naona mna kila kitu cha ajabu.”

Watu wakacheka, lakini Bibi hakucheka. Akainua kidole, akasema kwamba ataita shehe, isomwe halbadiri, na aliyeiba tumbo lake litavimba mpaka akiri. Kicheko kikakatika. Kwetu halbadiri si neno la mchezo. Ni kisomo ambacho hata mtu asiyekosa kitu hujipapasa tumbo akikisikia.

“Na mimi Mkristo itanipata?” Anjelina akauliza.

“Tumbo halina dini,” Bibi akamjibu.

Nilikuwa nimembeba Bakari mgongoni. Tumbo la kuvimba nililijua. Nililiona kwa Zuhura.

Baba, ambaye Ijumaa yake ilikuwa kesho, hakusahau jambo lake. “Basi tukaombe shubiri kijiji cha pili,” akasema.

“Haifai,” Bibi akasema papo hapo. “Shubiri ya kumwachisha mtoto sharti iwe imepandwa kwa mkono wa bibi yake. Ya mkono wa mgeni humvunja mtoto mifupa.”

“Sikuwahi kulisikia hilo.”

“Ulipata kunyonyesha?”

Baba akawatazama wanawake waliokuwepo. Walikuwa sita au saba. Anjelina alishusha jembe begani, akaliegemea. “Ndivyo hivyo, baba,” alisema kwa upole. “Hata kwetu ng'ambo ndivyo.” Mwanamke mwingine akaitikia. Mwingine akaguna kwa kukubali. Baba akavuta pumzi, akasema kama ndiyo mila basi ni mila, ila Bibi apande upesi mingine. Bibi akasema atapanda, lakini mshubiri si mchicha. Akaomba vitoto viwili kwa mtu, akavilaza kivulini jeraha likauke, na kila Baba alipouliza, jeraha lilikuwa bado halijakauka.

Siku zikapita, na Bakari akaendelea kunyonya. Na shehe naye hakuja. Wiki ya kwanza Bibi alisema yuko Mikindani. Wiki ya pili ana homa. Wiki ya tatu barabara imekatika kwa mvua. Lakini kila alipopata watu wa kumsikiliza alitangaza upya kwamba halbadiri iko njiani. Mimi nililala na kuamka nikijipima tumbo kwa kamba ya ukindu niliyoifunga fundo pale ilipomaliza kunizunguka. Siku nyingine fundo halikufika, nikalia. Kumbe nilikuwa nimetoka kula. Msiniulize kwa nini sikukiri. Nilikuwa nimeweka mizani, upande huu tumbo langu, upande ule Bakari, na kila asubuhi nilipomwona ananyonya huku mguu wake mmoja ukicheza hewani, upande wake ulikuwa mzito.

Hatimaye kunde zikakauka kwenye maganda. Karanga zikang'olewa. Ile siku ya kwanza ya kung'oa karanga, sisi watoto tulikula mbichi shambani, tukala na mchanga wake, nami niliyekuwa na njaa ya miezi miwili nilikula kuliko wote. Alasiri tumbo likanikamata. Lilivimba kwelikweli, likawa gumu kama ngoma. Kamba ya ukindu ilipungua kwa kiasi cha kiganja kizima.

Nilikimbia mpaka kwa Bibi, nikajitupa miguuni pake. “Bibi, ni mimi! Ni mimi niliyeiba, mwambie shehe aache!”

Bibi alikuwa akimenya karanga. Alinilaza ubavu, akanibonyeza tumbo kwa vidole viwili, akanisikiliza ninavyobeua.

“Halbadiri haijasomwa,” alisema. “Hizi ni karanga. Inuka.”

Akachukua ungo, akatangulia. Hakuniuliza ni wapi. Alikwenda moja kwa moja mpaka chini ya mkorosho mkubwa, akaondoa majani kwa mguu, na pale nilipotazamia kuona uozo, niliona mishubiri yangu kumi na mmoja ikiwa hai. Ilikuwa imelala ubavu, mingine kichwa chini, imebadilika rangi kidogo kuwa ya shaba, lakini kila mmoja ulikuwa umeteremsha mizizi ulipoangukia, na miwili ilikuwa imezaa. Nilihisi hasira. Ningeing'oa mihogo ingekufa na siri yangu. Mimea hii mikaidi ilikaa miezi miwili inaningoja.

Bibi alivunja jani moja, akanishika kidevu. “Toa ulimi.”

Nilijua kuwa huo ndio mwisho wangu. Nikatoa ulimi. Uchungu ule ulipanda mpaka masikioni, nikakohoa, nikatema, nikalia. Bibi alingoja nimalize.

“Umekufa?”

“Sijafa.”

“Basi si mshubiri uliomuua Zuhura.”

Sikuwa nimemtajia Zuhura hata siku moja. Bibi aliketi juu ya majani makavu, yeye ambaye sikuwahi kumwona akiketi nje ya jamvi, akaniambia kwa maneno machache kwamba Zuhura aliachishwa mwaka ambao ghala lilikuwa tupu, miezi kama hii iliyopita, na badala ya ziwa akapewa uji wa makopa mtupu, asubuhi na jioni, kwa sababu hapakuwa na kingine. “Tulimtoa penye chakula tukampeleka pasipo na chakula,” alisema. “Mimi ndiye niliyekata jani.” Hakulia. Bibi hakuwa mtu wa kulia. Lakini alikaa na ungo magotini mpaka siafu wakatufukuza.

Kisha akanichapa fimbo tatu, kwa sababu wizi ni wizi, akanibebesha ungo.

Nyumbani aliwaambia watu kwamba mwizi ameogopa halbadiri, ameirudisha mishubiri kwa siri. Baba alifurahi sana, akawa anahadithia jambo hilo mpaka uzee wake kuwa ni ushahidi wa nguvu ya kisomo. Mama alikuwa akitwanga. Aliendelea kutwanga.

Ijumaa iliyofuata Bakari aliachishwa ziwa. Kazi ya uji nilipewa mimi. Bibi alinifundisha kukaanga karanga, kuzitwanga mpaka zitoe mafuta, kuchanganya na kunde zilizochemshwa na kutolewa maganda, na kuutia uji unga wa makopa nusu ya ule niliouzoea. Nilikuwa nimekaa na kata yangu ya uji kama askari aliyekaa na bunduki. Bakari alikwenda kwa mama yake, akashika ziwa, akaliachia. Aliufuta mdomo wake. Akalifuta ziwa kwa kiganja, kwa uangalifu, kama mtu anayemfutia mwenzake vumbi, akajaribu tena. Kisha akamtazama mama yake usoni, na macho yale sitaki kuyaeleza. Alilia. Mama aligeukia ukutani. Mimi nikamchukua, nikamtia mgongoni, nikazunguka naye mikorosho mpaka akachoka, nikamnywesha uji wangu. Alitema kata ya kwanza. Ya pili akaifikiria. Ya tatu akaishika kwa mkono.

Miguu yake haikuvimba. Bakari ni mzee sasa, ana kitambi kinachomtangulia mlangoni, na husema hadithi hii nimeitunga ili nimdai heshima. Mwacheni aseme.

Yaliyobaki niliyaelewa baadaye sana, na kwa aibu. Tulikuwa tumekwisha kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, Bibi amekwisha kufariki, nami nina mwanangu wa kwanza, umefika wakati wa kumwachisha. Nilikwenda kwa Mama nikiwa na wasiwasi wa kweli.

“Mama,” nikamwambia, “bibi wa mtoto huyu ni wewe, na hapa hujapanda mshubiri. Tutafanyaje?”

“Mshubiri wa nini?”

Nikamkumbusha mila: sharti upandwe kwa mkono wa bibi, wa mkono wa mgeni huvunja mifupa. Mama alinitazama kama mtu anayetazama mjinga wa kwanza kuzaliwa katika ukoo. Kisha akacheka mpaka akakalia kinu.

“Mila gani hiyo, Somoe? Nenda jikoni kachukue pilipili. Hutaki pilipili, mwarobaini ule pale, ponda majani. Vichungu vimejaa dunia nzima.”

Nilikuwa nimekwisha kuinuka kwenda jikoni. Nikasimama. Pilipili ilikuwepo jikoni mwetu mwaka ule pia. Mwarobaini ulikuwa kwa Anjelina, hatua mia toka mlangoni. Wanawake wote waliosimama kwenye tuta asubuhi ile walikuwa na pilipili majumbani mwao, kila mmoja wao alikuwa amepata kuwaachisha watoto bila mshubiri uliopandwa na bibi wa mtoto, na hakuna hata mmoja aliyefumbua kinywa.

“Na Baba?” nikauliza.

“Baba yako hakuuliza juu ya pilipili,” Mama akasema, akijifuta machozi ya kicheko. “Na sisi hatukumwambia.”

Akamchukua mwanangu, akamlaza begani. “Kila siku nilikuwa nikimnyonyesha yule mtoto nikisema leo ndiyo mwisho, kesho mama mkwe atachoka kunilinda. Mtu mkali kama yule, aliyeshika mila kuliko shehe, akang'oa bustani yake mwenyewe kwa ajili yangu. Na hata nilipomzika sikuwa nimemwambia asante.”

Nilifungua mdomo ili nimwambie ni nani aliyeing'oa, nikaona jinsi alivyokuwa akimpigapiga mwanangu mgongoni, nikaufunga. Kwa nini nimwondolee? Mishubiri niliing'oa mimi, ni kweli. Lakini mtoto wa miaka tisa angeweza kununua siku moja tu, na fimbo. Miezi ile miwili aliitoa mwanamke aliyeonja uchungu vidoleni mwangu kwa kunitazama tu, akaniamuru niongeze ugali.

Mama amefariki akiamini hivyo. Ninyi ndio wa kwanza kuambiwa.